Kikohozi Sugu na Kamasi Nyingi: Tiba ya Tundu Dogo Huja Baada ya Chanzo Kujulikana

MPANDA, KATAVI – Mtu mzima anayekohoa kwa zaidi ya wiki nane, huku akihisi kamasi zikishuka nyuma ya koo kila anapolala, anapaswa kufahamu jambo moja kabla ya kutumia fedha zake kununua dawa au kufikiria upasuaji. Kikohozi ni dalili, na dalili hiyo hiyo inaweza kutokana na magonjwa yaliyo mbali sana moja na jingine. Kwa baadhi ya wagonjwa chanzo ni mapafu, kwa wengine ni tumbo, kwa wengine ni dawa wanazotumia kila siku, na kwa wengi chanzo ni pua.

Sayansi ya tiba imepiga hatua kubwa katika kuutibu ugonjwa wa pua kwa njia ya tundu dogo, yaani bila kupasua uso na mara nyingi bila kulazwa kwa muda mrefu. Hata hivyo, tiba hizo humfaa mgonjwa ambaye chanzo cha tatizo lake kimekwisha kubainishwa. Makala haya yanaeleza namna kamasi zinavyosababisha kikohozi, vipimo vinavyopaswa kutangulia, tiba zilizopo na njia ya rufaa kwa mkazi wa Mkoa wa Katavi.

Kamasi zina kazi gani?

Pua ya mtu mwenye afya hutengeneza ute kila siku, kiasi kinachokadiriwa kufikia lita moja. Ute huo hulainisha hewa inayovutwa na kunasa vumbi, moshi na vimelea. Vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho huusukuma kuelekea kooni, nao humezwa bila mtu kutambua. Vivyo hivyo, vyumba vya hewa vilivyomo katika mifupa ya uso, ambavyo wengi huviita sainasi, hutoa ute wake kupitia vijitundu vyembamba vinavyofunguka ndani ya pua.

Tatizo huanza pale tezi zinapotoa ute kupita kiasi, ute unapokuwa mzito, au vijitundu vya sainasi vinapoziba kwa uvimbe. Kamasi hujikusanya, hushuka kooni na kuamsha hisia inayomlazimisha mtu kukohoa au kukwangua koo mara kwa mara. Hali hiyo huzidi usiku na alfajiri, kwa kuwa mgonjwa amelala chali. Kwa muda mrefu madaktari waliiita mtiririko wa kamasi nyuma ya pua. Mwaka 2006 mwongozo wa madaktari wa mapafu wa Marekani uliipa jina pana zaidi, ugonjwa wa kikohozi unaotokana na njia ya juu ya hewa, kwa sababu kwa baadhi ya wagonjwa ni uvimbe wenyewe unaoamsha kikohozi hata pasipo kamasi nyingi.

Mazingira ya Katavi

Mkoa wa Katavi ulianzishwa rasmi mwaka 2012 baada ya kugawanywa kwa Mkoa wa Rukwa. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi, idadi ya wakazi wake iliongezeka kutoka 564,604 mwaka 2012 hadi 1,152,958 mwaka 2022. Wengi wao huishi kwa kilimo, ufugaji na uchimbaji mdogo wa dhahabu.

Kazi hizo zina uhusiano wa moja kwa moja na pua na mapafu. Wakulima wa tumbaku huhudumia mabani ya kukaushia kwa siku kadhaa mfululizo, wakivuta moshi wa kuni na harufu kali ya majani. Wanaokoboa mpunga hufanya kazi katikati ya vumbi la pumba. Katika miezi ya kiangazi vumbi la barabara na moshi wa moto wa nyika huongezeka. Jikoni, akina mama na watoto wadogo huvuta moshi wa kuni na mkaa kila siku. Aidha, mchimbaji anayetoboa au kusaga mwamba bila kinga huvuta vumbi la silika, ambalo huacha makovu ya kudumu katika mapafu na kuongeza hatari ya kuugua kifua kikuu.

Kwa sababu hiyo, wakazi wawili wenye kikohozi kinachofanana kwa sauti wanaweza kuwa na mahitaji tofauti kabisa. Mmoja atapona kwa kukaa mbali na moshi na kupuliza dawa puani. Mwingine anahitaji kuanza dawa za kifua kikuu haraka, kwa ajili ya uhai wake na wa familia yake.

Kifua kikuu kitangulie kupimwa

Tanzania ni miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani limeziorodhesha kuwa na mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Utaratibu wa nchi ni kwamba mtu yeyote anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi afike katika kituo cha kutolea huduma za afya na kuchunguzwa. Mtu anayeishi na Virusi vya UKIMWI hatakiwi kusubiri wiki mbili; kikohozi cha siku yoyote kinatosha kumpeleka kupimwa.

Dalili zinazoambatana na ugonjwa huo ni homa za jioni, kutokwa jasho jingi usiku, kupungua uzito, kukosa hamu ya kula na, kwa baadhi, kukohoa damu. Kipimo kikuu ni cha makohozi, na mashine ya GeneXpert huweza kutambua vimelea na usugu wao kwa dawa ya rifampisini ndani ya saa chache. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo, na tiba ya kawaida huchukua miezi sita.

Mgonjwa anapaswa kufahamu kuwa makohozi yanatoka kifuani, wala si kamasi za puani au mate. Anayepeleka mate maabara anaweza kupata jibu lisiloonesha ugonjwa alionao. Ni vyema atoe makohozi asubuhi, baada ya kusukutua kinywa kwa maji na kuvuta pumzi ndefu mara kadhaa.

Vyanzo vingine vinavyosahaulika

Kifua kikuu kikishaondolewa katika orodha, mgonjwa asiyevuta sigara na ambaye picha ya kifua chake haina kasoro huchunguzwa kwa mambo manne. La kwanza ni pua na sainasi. La pili ni pumu, ambayo kwa baadhi ya watu hujitokeza kama kikohozi cha usiku bila mlio wa kifua. La tatu ni asidi ya tumbo inayopanda kwenye umio na kufika kooni, hata kama mgonjwa hasikii kiungulia.

La nne ni dawa za shinikizo la juu la damu zilizo katika kundi la Captopril, Enalapril na Lisinopril. Takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaotumia dawa hizi hupata kikohozi kikavu, ambacho huweza kuanza wiki au miezi kadhaa baada ya kuanza dawa. Mgonjwa wa aina hii hahitaji dawa ya kikohozi wala ya pua, bali anahitaji daktari ambadilishie dawa ya presha. Ni hatari kuacha dawa hiyo kwa uamuzi binafsi, kwani shinikizo la damu lisilodhibitiwa huweza kusababisha kiharusi.

Kwa maelezo hayo, kurudia dawa za antibayotiki kila kikohozi kinaporejea ni kosa lenye gharama mbili. Mgonjwa hapati nafuu kwa kuwa kamasi nyingi na kikohozi cha muda mrefu mara nyingi havitokani na bakteria, na wakati huo huo vimelea vilivyomo mwilini hujenga usugu dhidi ya dawa, hali inayojulikana kwa kifupi kama UVIDA.

Kukata kimeo hakuponyi kikohozi

Katika jamii nyingi za Tanzania, kikohozi kisichoisha, hasa cha mtoto, huhusishwa na urefu wa kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa. Baadhi ya wazazi huwapeleka watoto kwa wakataji wa jadi. Madaktari nchini wamekuwa wakiandika kuhusu desturi hiyo na madhara yake tangu miaka ya 1960.

Kimeo ni kiungo cha kawaida na husaidia katika kumeza na kutamka. Kukikata kwa kifaa kisichotakaswa kunaweza kusababisha kutokwa damu nyingi, usaha shingoni, pepopunda, maambukizi ya Virusi vya UKIMWI na ya homa ya ini, na hata kifo. Zaidi ya hayo, mtoto aliyekatwa kimeo huku akiwa na kifua kikuu, pumu au nimonia hucheleweshewa tiba halisi. Mzazi anayeona mtoto wake anakohoa kwa muda mrefu anashauriwa kumpeleka zahanati, ambako atasikilizwa kifua, atapimwa uzito na kuangaliwa koo na pua.

Neno jingine linalohitaji ufafanuzi ni "nyama za pua". Wananchi hulitumia kwa hali tatu tofauti: tezi zilizovimba nyuma ya pua kwa watoto, ambazo huwafanya wakorome na kupumua kwa mdomo, nyama za kawaida za ukuta wa pua zilizovimba kwa mzio, na vinundu laini vinavyoota ndani ya pua au sainasi. Kila hali ina tiba yake, hivyo jina hilo pekee halitoshi kuamua upasuaji.

Hatua za awali za tiba

Ikithibitika kuwa chanzo ni pua, tiba huanza kwa mambo mepesi. La kwanza ni kupunguza kinachochokoza: moshi, vumbi, sigara na, kwa wenye mzio, vitu vinavyouamsha. Kitambaa au barakoa kazini, dirisha la kutolea moshi jikoni na kumwagia maji sehemu ya kazi kabla ya kufagia au kusaga hupunguza vumbi kwa gharama ndogo. Kwa mchimbaji wa mwamba, hata hivyo, kitambaa hakitoshi. Anahitaji barakoa maalumu ya kuchuja vumbi laini na uchimbaji unaotumia maji.

La pili ni kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi safi huchanganywa katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kuachwa yapoe. Maji ya bomba, kisima au mto yasitumike kabla ya kuchemshwa. Mgonjwa huinama, huyaingiza maji taratibu katika tundu moja ya pua na kuyaacha yatoke, kisha hupenga polepole.

La tatu ni dawa ya kupuliza puani inayopunguza uvimbe, ambayo huandikwa na mtoa huduma. Dawa hiyo haileti nafuu kwa siku moja. Huhitaji kutumiwa kila siku kwa wiki kadhaa. Wagonjwa wengi huiacha mapema wakidhani imeshindwa. Dawa hii isichanganywe na matone ya kuzibua pua yanayouzwa madukani. Matone hayo hufungua pua kwa dakika chache, lakini yakitumika zaidi ya siku tano mfululizo huweza kuifanya pua izibe zaidi kuliko mwanzo.

Wagonjwa wengi hupata nafuu ya kutosha katika hatua hizi. Anayebaki na kuziba kwa pua, kamasi nzito, maumivu ya uso au kupoteza uwezo wa kunusa kwa wiki 12 au zaidi huhesabiwa kuwa na dalili za ugonjwa sugu wa sainasi, na hapo ndipo daktari bingwa wa masikio, pua na koo huhitajika.

Tiba ya tundu dogo inavyofanyika

Msingi wa tiba hii ni kifaa chembamba chenye lenzi na mwanga kinachopitishwa katika tundu ya pua. Mwanafizikia wa Uingereza, Harold Hopkins, alibuni mfumo wake wa lenzi mwishoni mwa miaka ya 1950. Baadaye Profesa Walter Messerklinger wa Graz, Austria, alitumia vifaa vya aina hiyo kuchunguza njia ambayo ute hupitia kutoka katika sainasi, akaonesha kuwa husafiri kuelekea vijitundu vya asili. Uelewa huo ulibadili upasuaji. Badala ya kukwangua utando wote wa sainasi, daktari hufungua kijitundu kilichoziba na kuuacha utando upone wenyewe. Katikati ya miaka ya 1980 njia hiyo ilienea duniani kupitia kazi za Heinz Stammberger wa Graz na David Kennedy wa Marekani.

Upasuaji huo huhitaji picha ya CT-Scan ili daktari aone njia ya mifupa, kwa kuwa sainasi zimepakana na macho na ubongo. Mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, vifaa hupitishwa puani na hakuna kovu usoni. Kuanzia mwaka 2005 ilianza pia kutumika Marekani njia ya kupanua kijitundu kwa puto dogo linalojazwa maji na kutolewa. Njia hiyo haiwafai wenye vinundu vingi ndani ya pua.

Kundi la pili la tiba hulenga kamasi nyepesi zinazotiririka bila kukoma, ambapo sainasi hazijaziba ila mishipa ya fahamu inaziamuru tezi kutoa ute kupita kiasi. Tangu miaka ya 1960 madaktari walikata mshipa mkuu unaopeleka amri hizo. Kamasi zilipungua, lakini baadhi ya wagonjwa walibaki na macho makavu kwa kuwa mshipa huo hupeleka pia amri kwenye tezi za machozi. Njia za sasa hulenga matawi madogo yaliyo nyuma ya pua pekee. Daktari hutia ganzi, hupitisha kifaa puani na kuyadhoofisha matawi hayo kwa baridi kali au kwa joto la mawimbi ya redio, na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Matokeo yake yanatia moyo lakini yanahitaji kupimwa kwa uangalifu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021, takriban wagonjwa 67 kati ya 100 waliotibiwa kwa mawimbi ya redio walipata nafuu ya dalili za pua baada ya miezi mitatu. Hata hivyo, miongoni mwa wale waliofanyiwa utaratibu wa kuigiza tu, bila tiba yenyewe, wapatao 41 kati ya 100 nao walisema wamepata nafuu. Tofauti hiyo ndiyo faida halisi ya tiba. Ipo, lakini si ya kila mtu, na utafiti huo ulilenga pua kuliko kikohozi. Mgonjwa ambaye kikohozi chake kinatokana na pumu au asidi ya tumbo hawezi kutegemea kupona kwa kutibiwa mishipa ya pua. Vifaa hivyo pia ni ghali na hutumika zaidi katika nchi zenye kipato cha juu, hivyo tangazo la mtaani linaloahidi kumaliza kamasi kwa siku moja linapaswa kutiliwa shaka.

Njia ya rufaa kutoka Katavi

Huduma huanzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, ambako mgonjwa huchunguzwa na sampuli ya makohozi huchukuliwa. Hatua inayofuata ni hospitali ya halmashauri, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi iliyopo Mpanda. Kupitia fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilinunua mashine za CT-Scan kwa ajili ya hospitali za rufaa za mikoa, hatua iliyokusudiwa kuwapunguzia wananchi safari za kufuata kipimo hicho mbali.

Mgonjwa anayehitaji huduma zaidi hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, inayohudumia mikoa saba ya Nyanda za Juu Kusini ikiwemo Katavi. Upasuaji wa sainasi kwa kifaa chenye kamera hufanyika katika hospitali kubwa zenye mabingwa wa masikio, pua na koo, ikiwemo Hospitali ya Taifa Muhimbili iliyopo Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Mpanda kwa barabara.

Umbali huo ndio unaofanya mpangilio wa hatua uwe na maana kwa kaya ya Katavi. Anayeuza magunia ya mpunga kugharamia safari bila barua ya rufaa, majibu ya makohozi na kumbukumbu za dawa alizotumia huweza kurudishwa kuanza upya vipimo ambavyo vingefanyika karibu na nyumbani. Wanachama wa bima ya afya nao hutakiwa kufuata ngazi za rufaa ili gharama zao zitambuliwe. Vilevile, wananchi wanaweza kutumia kambi za madaktari bingwa zinazofika katika halmashauri. Kampeni ya Madaktari Bingwa wa Rais Samia, iliyoanza mwaka 2024, hupeleka mabingwa wa magonjwa ya ndani na ya watoto, ambao ni watu sahihi wa kutathmini kikohozi sugu.

Dalili zisizosubiri

Mgonjwa afike hospitali bila kuchelewa anapoona mojawapo ya dalili hizi:

– kukohoa damu, kupumua kwa shida au kupungua uzito bila sababu;

– pua kuziba upande mmoja tu ikiambatana na kutokwa damu mara kwa mara;

– uvimbe au wekundu kuzunguka jicho, kuona vitu viwili viwili, au maumivu makali ya kichwa yenye homa na shingo kukakamaa;

– majimaji meupe kama maji kutoka tundu moja ya pua baada ya ajali ya kichwa, ikiwemo ya pikipiki, kwa kuwa yanaweza kuwa yanatoka kwenye ubongo;

– kwa mtoto, kamasi zenye harufu mbaya kutoka tundu moja. Mara nyingi kuna punje ya mahindi, harage au shanga iliyoingizwa puani, na isijaribiwe kutolewa nyumbani kwa kijiti. Ikiwa ni betri ndogo ya duara, mtoto apelekwe hospitali saa hiyo hiyo kwa kuwa huunguza utando wa pua kwa muda mfupi.

Wananchi wenye maswali kuhusu huduma za afya wanaweza kupiga simu bila malipo namba 199 ya Wizara ya Afya. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi anashauriwa kufika leo katika zahanati iliyo karibu naye, akiwa na orodha ya dawa zote anazotumia, ikiwemo za presha na za asili, ili mtoa huduma aanze kutafuta chanzo.